Mgeni Rasmi wa Bi Redempta

Kabla ya yote naomba ieleweke kwamba nchi ninayoisimulia haipo, na wananchi wake wote wanaendelea vizuri.

Nchi hiyo haina bahari. Imezungukwa na nchi nyingine pande zote, na anayetaka kuona maji ya chumvi hana budi kusafiri siku mbili na kugongewa mihuri kwenye mipaka miwili. Jambo hili liliwasumbua sana viongozi wetu, kwa sababu kila walipokwenda kwenye mikutano ya kimataifa waliulizwa habari za pwani yao, wakabaki wakitazama viatu. Ndipo Serikali ilipoamua kulimaliza tatizo. Haikuvamia nchi ya mtu. Ilitoa Tangazo. Kuanzia siku hiyo, kiwanja kilichokuwa nyuma ya ukumbi wa maonyesho, katikati kabisa ya mji mkuu, kikawa Pwani ya Taifa. Malori yakamwaga mchanga. Minazi ya plastiki ikasimikwa kwa zege. Ukuta wa jirani ukapakwa rangi ya bluu. Na mbele ya ukuta huo ukajengwa mkahawa wa vyakula vya baharini uitwao Lulu ya Kina, ambao mpaka leo hakuna mkahawa wa fahari kuupita. Samaki wake huja kwa ndege mara mbili kwa wiki na hupokewa uwanjani na Naibu Waziri.

Wanaouliza bahari yenyewe iko wapi hujibiwa kwamba ipo kwenye awamu ya pili.

Ni katika mkahawa huo Bi Redempta Mkolwe alifanyiwa karamu ya kustaafu, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kama yalivyotokea.

*

Bi Redempta alikuwa katibu muhtasi wa Waziri wa Uratibu na Mambo Yanayofanana na Hayo. Mawaziri walikuja wakaondoka; yeye alibaki. Kwa miaka thelathini na minne alikaa kwenye chumba kile kile cha nje, mbele ya mlango ule ule, akahudumia mawaziri kumi na mmoja. Hotuba zao zote aliziandika yeye. Waziri alikuwa akimwambia, "Andika kitu kuhusu maendeleo," kisha anaingia ndani na kufunga mlango, na Bi Redempta anaandika kitu kuhusu maendeleo. Kesho yake taifa linapiga makofi, naye anayasikia kwenye redio, akiwa anaandika kitu kuhusu umoja.

Hakuolewa. Paliwahi kuwa na bwana mmoja, mpima ardhi, aliyemsubiri nje ya geti la wizara jioni tatu mfululizo, amevaa tai. Jioni zote tatu Waziri wa nne alikuwa na hotuba ya kesho yake. Jioni ya nne yule bwana hakuja, na Bi Redempta hakumlaumu. Hata yeye asingekuja. Alipanga chumba kimoja huko nyuma ya mji, akawa anatoka jua halijachomoza na kurudi likiwa limeshazama, hata Jumapili.

Msidhani mawaziri hawakumthamini. Waziri wa tatu alimwita Rebeka. Wa saba alimwita Renatha. Wa tisa, aliyekuwa mtu wa adabu sana, alimwita "Samahani". Huyu wa kumi na moja, Mheshimiwa Balozi Profesa Mhandisi Gaudensi Lwakatondo, alimwita kwa kengele.

Ulipofika wakati wake wa kustaafu, iliundwa Kamati ya Maandalizi. Ilikutana mara kumi na nne. Kwa kuwa wizarani hapakuwa na mwingine wa kupiga chapa mihtasari, aliipiga yeye, ikiwemo ile yenye Ajenda ya Kwanza: "Karamu iwe ya kushtukiza. Bi Redempta asijue." Aliisahihisha, akaifunga kwenye jalada la siri, na tangu siku hiyo akawa mwangalifu sana asijue.

Kisha kengele ikalia, akaingia.

"Ijumaa nina hotuba," Mheshimiwa alisema bila kuinua kichwa. "Andika kitu kuhusu yule mama anayestaafu."

"Yupi, Mheshimiwa?"

"Sijui. Uliza huko nje."

Hotuba kuhusu maendeleo ilikuwa ikimchukua saa moja. Hii ilimchukua wiki tatu. Aliandika tarehe aliyoajiriwa, akaandika idadi ya mawaziri, akaandika kwamba ni mtumishi mwenye kutunza muda, kisha akakwama. Mtu anaandikaje mambo ambayo angependa watu wengine waseme juu yake? Mwishowe, katika ukurasa wa pili, aliacha nafasi ya mistari mitano, na katikati yake akaandika kwenye mabano: "Hapa Mheshimiwa aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, jambo moja analomkumbuka nalo mstaafu."

Hayo mengine yote, ukumbi na chakula na cheti, yalikuwa mazuri. Lakini alichokuwa anakisubiri ni ile mistari mitano. Alishonesha gauni la rangi ya zambarau, akamwomba fundi aliwekee mfuko mdogo wa leso, kwa sababu alijijua kwamba atalia.

*

Ijumaa ile gari la wizara lilimfikisha Lulu ya Kina saa kumi na moja jioni. Ukumbi ulipendeza. Vitambaa vya mezani vilikunjwa kwa umbo la samaki. Katika tangi la kioo palikuwa na kamba mkubwa mwenye sharubu ndefu, mzima, ambaye si wa kuliwa. Ni mali ya Serikali na amebandikwa namba ya usajili mgongoni. Spika zilizofichwa ndani ya makombe ya baharini zilikuwa zikitoa sauti ya mawimbi. Wageni thelathini na tisa walikuwa wameshakaa kwa kufuata vyeo, na mbele ya kila mmoja palikuwa na sahani yenye kaa mzima, na pembeni kinyundo kidogo cha kumvunjia.

Bi Redempta alipoingia wakapiga kelele, "Umeshtuka!" Akashtuka, kama ilivyokuwa imepangwa.

Afisa Itifaki Daraja la Pili, Bwana Aloyce Nyanda, kijana mwembamba mwenye suti iliyompita kimo, akasimama mbele. "Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Chakula kiko tayari. Hakitaliwa mpaka Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Waziri, afike, aketi na aguse uma."

Bi Redempta alikaa karibu na Bi Perpetua Sanga, mtunza majalada. Kwa miaka ishirini wawili hawa walikuwa wakila pamoja chakula cha mchana, wakigawana parachichi moja.

"Redempta," Perpetua alinong'ona, "huyu kaa wangu ananitazama."

"Na wewe mtazame."

Wakacheka mpaka Katibu Mkuu akageuka.

Sasa, kwa mujibu wa sheria za nchi yetu, spika zote za umma hujiunga na taarifa ya habari, hata zile zilizomo ndani ya makombe. Kwa hiyo saa kumi na mbili kamili mawimbi yalikatika, na mtangazaji akasema kwa sauti ya furaha: "Mtukufu Rais ametengua uteuzi wa Waziri wa Uratibu na Mambo Yanayofanana na Hayo, kuanzia dakika hii. Waziri mpya atatangazwa wakati wowote. Na sasa michezo."

Msomaji wa nchi nyingine asije akafikiria vibaya. Wageni wale hawakuogopa kuonekana kwenye karamu iliyoandaliwa na waziri aliyetumbuliwa. Walipata dharura tu, na kwa bahati mbaya dharura zote thelathini na tisa zilitokea pamoja. Katibu Mkuu, mwenye wapishi wawili nyumbani, alikumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mkurugenzi wa Mipango alikumbuka kwamba amefunga. Mkuu wa Utumishi alisema amepata msiba; alipoulizwa ni nani aliyefariki, alijibu kwamba atajua akifika. Mpiga picha alizungushwa meza hadi meza, kila mtu akimwomba afute ile picha aliyomo, na alipomaliza kufuta akajiangalia kwenye kioo cha tangi, naye akaondoka. Bango lenye jina la Mheshimiwa lilishushwa na watu wasiojulikana. Huko nje magari yaliwashwa, na miongoni mwao lilikuwa lile lililomleta Bi Redempta.

Mwishoni alibaki Perpetua, kinyundo mkononi.

"Redempta."

"Naam."

"Mwenzangu, unajua Tulizo wangu ameomba kazi pale wizarani. Barua yake iko mezani kwao."

"Najua. Niliipiga chapa mimi."

"Wakisikia mama yake alibaki…"

"Nenda, Perpetua."

"Siyo kwamba mimi…"

"Mkoba wako umeuweka chini ya kiti."

Perpetua akainama akauchukua. Alitaka kumshika mkono mwenzake, lakini pale mlangoni bado walikuwepo watu wakitazama nani anaagana na nani. Basi akashika mgongo wa kiti, akaubonyeza kidogo, akaenda zake bila kugeuka.

*

Bwana Nyanda hakuondoka. Siyo kwa ushujaa. Afisa Itifaki haruhusiwi kuondoka kabla ya Mgeni Rasmi, na kwa kuwa Mgeni Rasmi hakuwa amefika, hapakuwa na njia ya yeye kuondoka. Alibaki pia mhudumu mkuu wa mkahawa, Bwana Sefu Makame, mtu mzima mwenye mvi, ambaye ndiye pekee mle ndani aliyewahi kuiona bahari, kwa vile alizaliwa kwenye nchi inayoimiliki.

Nyanda alikaa kwenye kona akapiga simu. Naibu Waziri alikuwa amelazwa hospitali tangu saa kumi na mbili na dakika nne. Simu ya Katibu Mkuu iliita hapo hapo kwenye maegesho, ikakatwa, na gari likasikika likiondoka kwa kasi. Mwisho akapiga Makao Makuu ya Itifaki. Huko wakamwambia asubiri, wakafungua makabati, wakarudi na jibu. Alisikika akisema, "Sawa. Sawa. Waraka namba tisa. Sawa, mkuu."

Akaweka simu chini, akafunga vifungo vya koti, akaja mpaka pale alipokaa Bi Redempta. Akainama.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Bi Redempta akageuka nyuma kutazama aliyeamkiwa. Hapakuwa na mtu.

"Unasema na nani, mwanangu?"

"Waraka unasema, Mgeni Rasmi akikosekana, nafasi yake itachukuliwa na mtumishi wa umma mwenye daraja la juu kuliko wote walio ukumbini. Mimi ni Daraja la Pili. Bwana Makame siyo wa Serikali. Wewe ni Mwandamizi Daraja la Kwanza mpaka saa sita usiku. Wewe ndiye Mgeni Rasmi."

"Kwenye karamu yangu mwenyewe?"

"Waraka haujakataza."

Bi Redempta alikuwa amechoka. Kaa walikuwa wanapoa. "Haya basi," alisema. "Niguse uma?"

"Bado, Mheshimiwa. Kwanza utoke nje."

"Nikafanye nini?"

"Ili uwasili."

Akatoka. Alisimama kwenye mchanga wa Taifa, chini ya mnazi wa plastiki, na gauni lake jipya. Mtaani watu walikuwa wanarudi makwao wakibeba mikate na mboga, na hakuna aliyetazama upande ule. Alihesabu mpaka ishirini, kama alivyokuwa akiwafundisha mawaziri, ili watu walio ndani wapate muda wa kusimama. Kisha akaingia.

"Tumpokee Mgeni Rasmi!" Nyanda alipaza sauti. Watu wawili wakapiga makofi. Akaongozwa hadi meza kuu. Nyanda akasoma ratiba, akageukia kiti alichokuwa amekalia Bi Redempta kabla ya kuwasili, akatahayari. "Mheshimiwa, hapa natakiwa nikutambulishe kwa mstaafu. Na mstaafu hayupo."

"Si ndiyo mimi?"

"Wewe umeshapanda meza kuu, Mheshimiwa."

Walishauriana. Uamuzi ukawa kwamba mkoba wa Bi Redempta uwekwe kwenye kile kiti, umwakilishe. Sefu akauweka vizuri, akaunyoosha mkanda wake. Nyanda akatambulisha. Bi Redempta, kwa mazoea ya miaka mingi, akauinamishia kichwa.

*

Kisha akasoma hotuba. Aliisoma vizuri, wala haishangazi, aliiandika mwenyewe. Alieleza kwamba mstaafu aliajiriwa mwezi wa Machi. Alieleza idadi ya mawaziri. Alisema mstaafu ni mtumishi mwenye kutunza muda, na Nyanda akapiga makofi mahali palipoandikwa makofi. Pale paliposema "naomba asimame ili tumwone", Sefu akauinua mkoba, akauonyesha pande zote za ukumbi, akaurudisha.

Akafungua ukurasa wa pili.

Mawimbi yalikuwa yamerudi kwenye makombe. Yalirekodiwa kwa dakika nne tu, na kila yakifika mwisho yalikwaruza na kuanza upya. Yalikwaruza mara moja. Yalikwaruza mara ya pili.

"Mheshimiwa," Nyanda alisema kwa sauti ya chini, "ratiba inatupa dakika mbili hapo."

"Naona."

Aliitazama ile mistari mitano mitupu. Akavua miwani, akaivaa tena. Alijaribu kuwaza ni jambo gani waziri yeyote kati ya wale kumi na mmoja angeweza kulisema. Hakupata. Akawapitia mmoja mmoja, kwa haki kabisa, asije akamwonea mtu, na hakupata.

"Nakumbuka," alisema mwishowe, bila kutazama karatasi, "siku moja umeme ulikatika. Waziri wa sita alikuwa na hotuba asubuhi. Wenzangu wote walikuwa wameshakwenda. Nilikaa pale gizani, nikapiga chapa kurasa tisa, vidole vinajua vyenyewe pa kwenda. Asubuhi nikazipeleka dirishani kuzisoma. Hapakuwa na kosa hata moja. Hata mkato. Sikumwambia mtu. Sikuwa na wa kumwambia. Nilitembea na furaha ile mpaka nyumbani, nikaingia nayo ndani, nikafunga mlango."

Sefu Makame alikuwa ametazama chini. Bi Redempta aliitafuta leso mfukoni, akaikuta, lakini hakuitumia.

Maneno hayo hayakuwemo kwenye hotuba iliyoidhinishwa. Katika muhtasari rasmi wa shughuli ile, ambao nimeusoma, mahali hapo pameandikwa: "Mgeni Rasmi alikohoa."

Kikafuata cheti. Kilitengenezwa na idara nyingine, kwa hiyo kilikuwa na jina la Rehema Mkoloni. Bi Redempta akakikabidhi kwa mkoba kwa mikono miwili. Nyanda akatangaza kwamba Mgeni Rasmi anaweza kugusa uma.

*

Akaugusa. Halafu akakaa. Mbele yake palikuwa na kaa mmoja, na kumzunguka, meza kwa meza, kaa thelathini na tisa, kila mmoja na kinyundo chake.

"Kaeni basi tule," aliwaambia.

"Itifaki hula jikoni, Mheshimiwa," alisema Nyanda.

"Na sisi wahudumu haturuhusiwi kukaa na wageni," alisema Sefu. "Nisamehe, mama."

Bi Redempta alifikiri kidogo. Miaka thelathini na minne alikuwa ameandika maagizo ya watu wengine, na alijua yanavyoanza. "Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Waraka namba tisa," alisema, "naagiza mkae mle pamoja nami."

Wakakaa papo hapo. Nyanda alikaa wima, akavunja kaa wake kwa mapigo sawasawa, akatafuna akitazama mbele kama mtu anayepigiwa wimbo wa taifa. Sefu aliona Bi Redempta anampiga kaa mgongoni bila mafanikio, akamwelekeza kwa kidole.

"Siyo hapo, mama. Pale kwenye kiungo. Gonga kidogo tu, halafu vuta taratibu. Eeh. Umeona? Imetoka nzima."

Nyama ilikuwa nyeupe na tamu. Alikula, akasema ni tamu. Nyanda akaafiki kwamba ni tamu.

"Bwana Nyanda."

"Mheshimiwa."

"Nisingekuagiza, ungekaa?"

Nyanda alikuwa kijana mkweli, na ndiyo maana hajapanda cheo. "Hapana, Mheshimiwa. Nisingethubutu."

Bi Redempta akatikisa kichwa taratibu. "Nimelifuta agizo," alisema. "Mko huru."

Nyanda akainuka mara moja, akafuta mdomo, akaenda kusimama ukutani, na uso wake ukaonekana umepata nafuu. Sefu alichelewa. Alimvunjia Bi Redempta mguu mmoja zaidi, akauweka kwenye sahani yake. Lakini meneja alichungulia kutoka jikoni, akauliza kwa nini mezani kuna mtu wa kazi, na Sefu naye akasimama.

Ikabaki sauti ya kinyundo kimoja katika ukumbi wa watu arobaini.

*

Saa moja na nusu hivi, simu ya Nyanda iliita. Alisikiliza, akang'aa, akamkimbilia. "Mama! Ni ofisi ya Waziri mpya. Wanakutafuta wewe!"

Nitakuwa mwongo nikisema hakufurahi. Jioni nzima watu walikuwa wakimkimbia, na huyu alikuwa anamtafuta. Alifuta vidole, akapokea.

"Wewe ndiye yule mama wa kupiga chapa?" Ilikuwa sauti ya kijana mwenye haraka. "Mheshimiwa anaapishwa kesho saa tatu asubuhi. Anahitaji hotuba. Gari limeshatoka kukuchukua."

"Mimi nimestaafu, kaka."

"Mpaka saa sita usiku bado. Tumeangalia."

"Hotuba kuhusu nini?"

"Kitu kuhusu maendeleo."

"Kurasa ngapi?" aliuliza, na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari unatafuta kalamu mezani, katikati ya magamba ya kaa.

"Sita zinatosha."

"Na Waziri mwenyewe ni nani?"

"Unataka umjue ili iweje? Si unaandika tu?"

Ilikuwa kweli. Hajawahi kuhitaji kumjua. Mkono ukatulia juu ya kitambaa.

"Na mimi?" aliuliza. "Unajua naitwa nani?"

Upande wa pili karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Subiri kidogo," yule kijana alisema, kisha sauti yake ikasikika kwa mbali, akiuliza watu wengine chumbani: "Jamani, yule mama jina lake nani?" Mtu mmoja akasema sijui. Mwingine akasema, "Mwite mama tu, anaitika."

Bi Redempta aliilaza simu juu ya meza, ikiwa bado inaulizana yenyewe kwa yenyewe, akashika kinyundo. Alikuwa na miguu miwili ya kaa iliyobaki. Aliila yote miwili, bila haraka. Nyanda alimtazama kwa hofu, lakini hakuna Afisa Itifaki anayeruhusiwa kumkatiza Mgeni Rasmi akila.

Gari lilifika. Dereva alikuwa Method, ambaye amewaendesha mawaziri watano. Bi Redempta alichukua mkoba wake, akamwachia Sefu cheti cha Rehema Mkoloni akiweke popote, akapanda kiti cha nyuma.

"Nipeleke nyumbani, Method."

"Mama, nimeagizwa wizarani."

"Na nani?"

"Ofisi ya Waziri mpya."

"Ameapishwa?"

"Si kesho asubuhi?"

"Basi mimi ndiye Mgeni Rasmi. Kata kushoto."

Method akakata kushoto. Kwa miaka kumi na tano walikuwa wakisalimiana kila siku getini, na hakujua nyumbani kwake ni wapi. Ikabidi amwelekeze kila kona. Walipofika alizima taa za gari, akaitazama ile nyumba ndefu ya wapangaji yenye milango minane.

"Kumbe unakaa huku, mama."

"Ndiyo."

"Usiku mwema, basi."

"Na wewe, Method. Endesha polepole."

Pale Lulu ya Kina, Nyanda aliandika kwenye ratiba yake kwamba Mgeni Rasmi ameondoka salama, na hatimaye naye akaruhusiwa kwenda kulala.

*

Kesho yake saa tatu asubuhi Bi Redempta alikuwa amekaa kitandani, redio miguuni. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akavaa, akachukua mkoba, akafika mlangoni, akakumbuka.

Waziri wa kumi na mbili aliapishwa. Akaitwa azungumze. Pakasikika hatua zake, pakasikika kikohozi, halafu pakapita kimya kirefu ambacho redio ya Taifa haijawahi kukirusha.

"Asanteni sana," Waziri alisema. "Mimi kwa kweli sijui niseme nini."

Akakaa.

Makofi yaliyofuata yalidumu dakika sita. Wachambuzi walisema hawajawahi kusikia hotuba ya kweli namna ile. Magazeti yaliichapa yote kwenye ukurasa wa mbele. Kabla wiki haijaisha, ulitolewa waraka kwamba viongozi wote wafungue hotuba zao kwa maneno hayo, na ikaundwa kamati ya kuyaongeza yafike kurasa sita. Magazeti hayo hayo yaliandika kwamba karamu ya mstaafu mmoja wa wizara ilifana sana, na kuweka picha ya watu wakicheka, iliyopigwa mwaka mwingine kwenye harusi.

Bi Redempta alizima redio. Alitaka kumwambia mtu, "Umesikia?" Akatazama kitanda, kabati, na kiti kimoja. Akaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Saa nne akafungua mlango, akatoka uani. Hakuwahi kuliona jua la saa nne pale uani. Kulikuwa na kamba za nguo zimejaa shuka, kuku wawili, na mama mmoja mnene aliyekuwa akikamua nguo kwenye beseni. Yule mama akainua uso, akaacha kukamua.

"Karibu, jirani! Wewe ndiye mpangaji mpya wa chumba cha mwisho?"

Bi Redempta alifungua kinywa.

"Maana kile chumba," mama aliendelea, "sisi tunakiona kimefungwa tu siku zote. Miaka minane nipo hapa. Tulidhani ni stoo ya mwenye nyumba."

Kuku mmoja alipita kati yao.

"Ndiyo," Bi Redempta alisema. "Nimehamia leo."

"Pole na kazi ya kuhama! Peke yako? Basi usijali. Mimi ndiye Mama Tumsifu, mlango wa tatu. Hapa kwetu maji ni Jumanne na Jumamosi tu, na leo ndiyo siku yenyewe, wahi kabla hayajakatika. Njoo nikuonyeshe bomba lilipo."

Kwenye bomba lile Bi Redempta alikuwa akichota maji kwa miaka kumi na tisa, alfajiri, watu wakiwa wamelala. Akarudi ndani, akachukua ndoo, akamfuata.